Kutoka "Ninyi" Hadi "Sisi": Mahubiri Mawili Katika Riwaya ya Camus



Katika masomo ya falsafa udhanaishi hutufikia kama orodha: Kierkegaard, Heidegger, Sartre, Marcel, uhuru, hofu, uchaguzi, maisha kukosa maana. Tunaikariri, tunafanya mtihani, tunasonga mbele. Lakini mawazo haya hayakuenea Ulaya kwa nguvu ya madarasa peke yake. Yalipata wasikilizaji wengi kwa sababu ya vita. Sartre alikuwa mfungwa wa Wajerumani katika kambi ya Trier, na Krismasi ya mwaka 1940 aliwaandikia wafungwa wenzake, mapadre wakiwemo, mchezo wa kuigiza kuhusu kuzaliwa kwa Bwana, yeye asiyeamini! Gabriel Marcel, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1929, alikuwa amefanya kazi na Msalaba Mwekundu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akitafuta habari za askari waliopotea ili kuwajibu ndugu zao. Swali la "mtu ni nani?" kwao halikuwa la mtihani. Kulikuwa na mama mlangoni akisubiri jibu.

Ndiyo maana tunaona ni vizuri kuwasoma watu hawa kwa njia ya riwaya pia. Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye kabla ya upadre alifundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, aliandika barua mwaka 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Ndani yake alisikitika kwamba katika malezi ya mapadre fasihi huhesabiwa kama burudani tu. Na msomaji wa Kiswahili si mgeni wa maswali haya: aliyesoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) ameshakutana nayo, tena kwa lugha yake mwenyewe.

Leo tunachukua riwaya moja: La Peste, yaani Tauni, ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1947. Camus alikataa kuitwa mdhanaishi, na pia hakuwa muumini. Alizaliwa mwaka 1913 huko Mondovi, Algeria, karibu na mji wa Annaba. Annaba ndiyo Hippo ya zamani, mji wa Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430 wakati Wavandali wameuzingira. Chuo kikuu Camus aliandika tasnifu yake juu ya Ukristo na falsafa ya Plotino, na Augustino yumo. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1914, mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka. Mwaka 1942 Camus alikwenda Ufaransa kutibiwa kifua kikuu. Novemba majeshi ya Waingereza na Wamarekani yakatua Afrika Kaskazini, Wajerumani wakaingia kusini mwa Ufaransa, naye akatenganishwa na mkewe aliyebaki Algeria hadi karibu na mwisho wa vita.

Kwa hiyo anaposimulia mji wa Oran uliofungwa malango kwa sababu ya tauni, mume huku na mke kule, anasimulia vita bila kuitaja. Wafaransa wenyewe waliuita Unazi tauni ya rangi ya kahawia, na Camus alieleza wazi baadaye kwamba maudhui ya kitabu ni mapambano ya Ulaya dhidi ya Unazi. (Lawama moja hatuwezi kuiacha: Oran ni mji wa Algeria, lakini Waarabu karibu hawaonekani katika hadithi. Wanakufa bila majina.)

Katika mji huo yupo padre Mjesuiti, Paneloux, msomi wa Augustino. Wiki ya maombi inapofungwa, kanisa kuu linajaa, naye anapanda mimbari. Anawaambia watu kwamba balaa hili limewafika na kwamba wamelistahili. Anakumbusha Misri na Farao, anachora picha ya ngano inayopurwa na kutengwa na makapi. Ni mahubiri yaliyojengwa vizuri. Tukiyapima kwa yale tunayofundishwa darasani, yana utangulizi, picha na hitimisho. Na yote yamesimama juu ya neno moja: ninyi.

Baadaye Paneloux anajiunga na vikosi vya kujitolea kuhudumia wagonjwa. Tusimnyime sifa hiyo. Hapo ndipo anapofika kwenye kitanda cha mtoto wa hakimu Othon. Dawa mpya imejaribiwa kwake, nayo haimwokoi. Inamwongezea tu saa za mateso. Padre anapiga magoti, anaomba mtoto aponywe. Mtoto anakufa. Daktari Rieux, asiyeamini, anamgeukia kwa hasira na kumwambia kwamba huyu, angalau, hakuwa na kosa. Kisha anamwomba radhi. Wanakaa pamoja chini ya mti, na Paneloux anasema labda inatupasa kupenda tusichoweza kukielewa. Rieux anakataa: hatapenda kamwe mpango ambao watoto wanateswa ndani yake. Hata hivyo anamwambia kwamba wanafanya kazi pamoja, na hilo ndilo lenye uzito sasa.

Mahubiri ya pili watu ni wachache zaidi. Padre anaongea kwa upole, anasitasita. Na msimulizi anaona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: Paneloux hasemi tena "ninyi", anasema "sisi". Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni ndogo kabisa, silabi moja mwanzoni mwa kitenzi: mmekosa, tumekosa, mnateseka, tunateseka. Lakini ndani ya silabi hiyo mhubiri ameshuka mimbarini.

Tuitazame misiba yetu. Mtoto wa miaka miwili amezikwa, na mtu anamwambia mama yake: "Kazi ya Mungu haina makosa." Au: "Mungu amempenda zaidi." Au anatajiwa maneno ya Ayubu juu ya Bwana anayetoa na kutwaa. Hatusemi maneno haya ni ya uongo. Mama akiyatamka mwenyewe, ni imani, na pengine imani kubwa kuliko yetu. Lakini Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mtu. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila neno, na huo ndio wakati wao mzuri. Walipoanza kufafanua, mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Je, mahubiri ya pili ni mafundisho ya Kanisa? Kwa maoni yetu, si yote. Paneloux anafunga mlango: ama kukubali yote, hata kifo cha yule mtoto, ama kukataa yote. Kanisa halituagizi kuupenda uovu. Yesu alipoulizwa juu ya maafa, alikataa kusema kwamba wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13), na mbele ya kaburi la Lazaro alilia, ingawa alijua atakachofanya (Yn 11). Machozi hayo tunayakosa kwa Paneloux. Lakini jambo moja amelishika. Anasimulia juu ya tauni ya Marseille, ambapo katika monasteri ya watawa themanini na mmoja walipona wanne tu, na watatu kati yao wakakimbia. Anasema ni lazima kuwa yule anayebaki.

Muda mfupi baadaye anaugua. Anakataa daktari, hatimaye anapelekwa hospitali, ameshika msalaba hadi mwisho. Dalili zake hazilingani sawasawa na tauni, na kwenye kadi yake wanaandika kwamba ni kesi yenye shaka. Tumebishana sana juu ya kadi hiyo. Wengine kati yetu wanaona shaka inahusu ugonjwa tu. Wengine wanaona Camus anasema juu ya imani ya padre. Mmoja anashikilia kwamba ni heshima, kwamba asiyeamini hakutaka kuwa hakimu wa moyo wa anayeamini. Hatujakubaliana.

Anayetaka kuanza bila kusoma kitabu kizima, asome mahubiri ya kwanza katika sehemu ya pili, kisha kifo cha mtoto na mahubiri ya pili katika sehemu ya nne, akiwa na penseli mkononi, na apige mstari chini ya kila "ninyi" na kila "sisi".