Siku ya Herufi Nyekundu

Huko Nyasho, katika mji wa Musoma, alikuwako bibi mmoja mwuza dagaa. Mwanawe alikwenda Uingereza kufanya kazi, akaoa huko, akapata mtoto. Mtoto yule alipokuwa kijana akamwandikia bibi yake barua kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakukijua. Bibi naye Kiingereza hakukijua. Basi akamwita mjukuu wake mwingine, aliyekuwa darasa la sita, amsomee.

Mvulana alisoma vema mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba siku ya kufika Musoma itakuwa "a red-letter day". Akafikiri kidogo. Maneno yale aliyajua yote, moja moja. Akasema, "Bibi, anasema siku atakayofika itakuwa siku ya barua nyekundu."

Bibi akauweka chini ungo wa dagaa. "Barua nyekundu? Ya deni, au ya mahakama?"

"Sijui, Bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Bibi akanyamaza kitambo. Kwake wekundu ulikuwa rangi ya damu, na ya macho ya mtu mwenye hasira. Kisha akasema, "Mwandikie asije. Mjukuu wangu asipatwe na balaa kwa ajili ya kuja kunitazama mimi."

Jibu likaandikwa, likatiwa katika bahasha. Lakini mvulana hakuridhika moyoni, na asubuhi, kabla ya kwenda posta, akamwendea mwalimu wake, akamwamkia, akamwuliza habari ya maneno yale.

Mwalimu hakumcheka, kwa kuwa kosa lile lina sababu yake. Neno moja la Kiingereza, "letter", hubeba vitu viwili ambavyo Mswahili huvitenga: barua ipelekwayo posta, na herufi kama A au B. Hapa maana yake ni herufi. Mwalimu akamwonyesha kalenda iliyotundikwa ukutani. Siku za kazi zilipigwa chapa nyeusi. Jumapili na sikukuu zilipigwa chapa nyekundu. Tarehe 9 Desemba ilikuwa nyekundu, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Na 14 Oktoba vilevile, siku aliyofariki Julius Nyerere mwaka 1999.

Desturi hii ni ya kale sana. Waandishi wa Misri ya zamani walikuwa na kibao chenye vishimo viwili vya wino, mmoja mweusi na mmoja mwekundu, nao waliandika vichwa vya habari kwa ule mwekundu. Baadaye, katika nyumba za watawa wa Ulaya, vitabu vyote viliandikwa kwa mkono. Wino mwekundu ulitengenezwa kwa risasi iliyochomwa moto, au kwa zebaki na kiberiti, wala haukuwa kitu cha kutumiwa ovyo. Mtawa alipoandika kalenda ya kanisa aliziandika siku za kawaida kwa wino mweusi, na siku za watakatifu wakuu kwa wino mwekundu, ili jicho lizione mara moja. Hata mitambo ya kupiga chapa ilipokuja, wekundu haukuachwa, ingawa uliongeza kazi: kwa kawaida karatasi ilipigwa chapa mara mbili, mara moja kwa kila rangi.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walipoandika misahafu yao mizuri, walitumia wino mwekundu na wa manjano pamoja na mweusi.

Kutoka katika kalenda hizo maneno yakahamia katika mazungumzo. Huko Uingereza majaji wa mahakama kuu wangali na siku zao zinazoitwa hivyo, ambazo huvaa majoho mekundu. Lakini mtu wa kawaida huyatumia kwa siku yoyote iliyomletea furaha kubwa: siku ya arusi, siku ya kufaulu mtihani, siku ya kuonana na ndugu wa mbali. Kwa hiyo kuyatafsiri "sikukuu" hakutoshi, maana sikukuu ni ya watu wote, na siku hii yaweza kuwa ya mtu mmoja tu. Mwaka 1934 Nyerere, mtoto wa miaka kumi na miwili, alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge hapo hapo Musoma. Hakuna kalenda iliyoipiga siku ile chapa nyekundu. Hata hivyo Mwingereza angeweza kuiita kwa jina hilo, na Mswahili angesema ni siku isiyosahaulika.

Mwalimu akamwonya mvulana asidhani kwamba wekundu wa Kiingereza ni wa heri sikuzote. Mfanya biashara akisemwa kuwa yumo "in the red", maana yake ana hasara au deni, kwa kuwa makarani wa hesabu waliandika upungufu kwa wino mwekundu. Wino ni ule ule, maana mbalimbali. Mvulana akaliangalia daftari lake la hesabu, lililojaa alama nyekundu za mwalimu, akaelewa upesi.

Jioni akarudi kwa bibi yake, akaichana barua mbele yake, akamweleza yote. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe anafurahi! Nami nilitaka kumfukuza. Haya, chukua kalamu. Mwambie aje, na aseme atafika siku gani."

Jibu lilipokuja, siku yenyewe ilikuwa Jumanne, nayo katika kalenda ya bibi ilikuwa nyeusi kama Jumanne nyingine zote. Bibi akamtuma mvulana dukani kununua kalamu nyekundu.