Nyumba Mgongoni mwa Pikapu: Somo la Uzito, Springi na Usalama wa Mfanyakazi Safarini



Somo letu safari hii linahusu chombo tunachokipanda alfajiri na kukishuka jioni, lakini ni wachache kati yetu wanaokitazama chini. Hapa Juba kila mtu anaijua pikapu iliyotiwa nyumba mgongoni. Fundi amechomelea fremu ya chuma, ameezeka bati au turubai, akafunga mabenchi mawili yanayotazamana. Pengine juu ya paa pana keria ya majembe, matairi na madumu. Pikapu za namna hiyo hutoka Konyokonyo au Kastom na watu wa kazi, huvuka daraja kuelekea Gumbo, zikashika barabara ya Nimule au njia za vumbi za mashambani.

Huko Marekani na Australia watu huweka kijumba chenye kitanda juu ya pikapu, wakaenda kutembea na kulala humo. Swali wanalouliza ni lile lile letu: nyumba hii inaufanyia nini mwendo wa gari? Tofauti ni kwamba wao hulala ndani gari likiwa limesimama, na sisi tumo ndani likiwa katika mwendo. Kwa hiyo yatupasa tulijue jibu kuliko wao.

1. PIKAPU ILIUNDWAJE

Pikapu iliundwa kubeba mzigo. Nyuma yake, katika nyingi tunazozijua, kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo ni ngumu kwa makusudi, ili zisilale chini gari likijazwa. Ndiyo maana pikapu tupu huruka ruka: springi iliyotengenezwa kwa tani moja imebebeshwa hewa.

Pembeni ya springi kuna shokapu. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuuzima mrusho, ili gari likishuka shimoni na kupanda, lisiendelee kucheza. Halafu kuna tairi, ambalo hubeba kwa nguvu ya upepo uliomo ndani yake. Vitu hivi vitatu hufanya kazi kama kamati moja. Kimoja kikishindwa, viwili vilivyobaki huelemewa.

2. KWA NINI GARI "HUTULIA"

Mara nyingi husikika wenzetu wakisema: "Tangu liwekwe nyumba gari limetulia, halirushi tena." Maneno hayo si uongo. Springi ngumu ikipata uzito wa wastani hucheza polepole zaidi, na aliyekaa juu yake husikia nafuu. Lakini nafuu hiyo hudanganya. Watu huona ulaini, hudhani gari limekuwa salama zaidi, kisha huongeza watu na mizigo.

Uzito ukizidi, springi hunyooka na kubaki bila nafasi ya kucheza. Ekseli hugonga raba ya kikomo iliyo chini ya chesisi, na ule mlio wa "gbu!" tunaousikia katika kila shimo ni springi iliyokwisha safari yake. Tangu hapo pigo la barabara halina pa kuzimiwa. Hupita kwenye chuma, likapita kwenye benchi, likaishia katika uti wa mgongo wa mfanyakazi.

3. HESABU YA KILO

Kila gari lina kikomo cha uzito kilichowekwa na kiwanda. Pikapu nyingi za aina ya Hilux zimekadiriwa kubeba karibu tani moja, ingawa kila gari lina kiwango chake, na yafaa kusoma kitabu cha gari au kibati chake. Jambo ambalo husahauliwa ni hili: nyumba iliyoongezwa imo ndani ya tani hiyo. Dereva na walio kebini nao wamo.

Tuchukue mfano. Kikomo cha gari letu ni kilo 1,000. Nyumba ya chuma pamoja na mabenchi ni kilo 200. Dereva na wenzake wawili, kwa kilo 70 kila mmoja, ni 210. Zimebaki kilo 590. Ukigawa kwa 70, ni watu 8, na hapo hakuna jembe wala dumu la maji. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Madumu matatu yanakula nafasi ya karibu mtu mmoja.

Sasa tazameni pikapu ileile ikiwa na watu 16 nyuma. Watu hao ni kilo 1,120. Jumlisha nyumba na kebini, unapata kilo 1,530. Gari limezidishiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, na bado hatujahesabu vifaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga safari ofisini huuona mzigo huu kuwa mwepesi kwa sababu hauko mgongoni mwake.

4. UZITO UMEKAA WAPI?

Kilo ni jambo la kwanza. Mahali zilipokaa ni jambo la pili, nalo huua vilevile.

Uzito ulio juu. Paa la chuma, keria iliyojaa na watu waliosimama hupandisha juu kitovu cha uzito. Gari likiingia kona, au dereva akikwepa ng'ombe ghafla, nyumba huinama upande mmoja na huchelewa kurudi. Mwendo ambao pikapu tupu ingeuhimili huweza kuipindua pikapu yenye nyumba.

Uzito ulio nyuma ya ekseli. Fikirini ubao uliowekwa juu ya gogo: ukikandamiza ncha moja, nyingine huinuka. Ekseli ya nyuma ndiyo gogo letu. Ikiwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na mzigo wa kilo 100 ukawekwa mita 1 nyuma ya ekseli, basi magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 33, na ya nyuma hubeba 133. Tena wale vijana wanaoning'inia mlango wa nyuma wako mbali zaidi ya hapo. Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, usukani huwa mwepesi pia, dereva hukata kona na gari halifuati sawasawa. Usiku taa nazo hutazama juu na kuwapofusha wanaokuja.

Breki. Gari zito huhitaji njia ndefu zaidi kusimama, hasa breki zikipata moto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilishwa kwa lami mwaka 2012. Lami ni neema, ila humtia dereva hamu ya mbio, na pikapu yenye nyumba haikuundwa kwa mbio hizo.

5. MGONGO WA MFANYAKAZI

Ajali huandikwa polisi. Maumivu ya mgongo hayaandikwi popote, lakini nayo ni madhara ya kazi. Wataalamu wameonyesha kwamba kiwiliwili cha mtu aliyeketi huathiriwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lenye kikomo cha mtikisiko anaoruhusiwa mfanyakazi kupata kwa siku moja. Basi mtikisiko si mambo ya kudeka.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo watu hawatikiswi sawa. Aliye karibu na kebini, mbele ya ekseli ya nyuma, hupata nafuu. Aliye mwishoni, nyuma ya ekseli, hurushwa zaidi. Mama mjamzito, mzee na mwenye maumivu wakae kebini au karibu nayo. Hilo halihitaji ruhusa ya tajiri wala senti moja. Linahitaji utu wetu wenyewe.

6. "TUONGEZE SPRINGI"

Jibu la haraka la baadhi ya waajiri ni kuongeza bapa moja au mawili kwenye springi. Gari huinuka nyuma na kuonekana zima. Lakini bapa jipya haliongezi breki, haliongezi nguvu ya ekseli, ya chesisi wala ya tairi. Kikomo cha kiwanda kinabaki palepale, na siku gari likienda na watu wachache litarusha kuliko mwanzo. Dawa ya kwanza ni kupunguza uzito: fremu nyepesi, paa la turubai, keria tupu, mizigo mizito sakafuni karibu na kebini, na safari mbili badala ya moja.

7. FUNZO KUTOKA KENYA

Ndugu zetu wa Kenya waliipitia njia hii. Matatu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa pikapu zilizojengewa bodi na mabenchi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Masharti makali ya mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa yalikuja kutekelezwa mwaka 2004, miaka 31 baadaye. Sheria hufika, ila huweza kuchelewa. Tawi la chama halina sababu ya kungoja.

8. KAZI YA TAWI

Kila tawi lichague wenzetu wawili wa kukagua gari pamoja na dereva. Dereva naye ni mfanyakazi, tusimfanye adui. Wafanye haya:

(a) Wapime kwa rula nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi, gari likiwa tupu, kisha likiwa na watu. Waandike daftarini. Nafasi ikipungua wiki hadi wiki kwa mzigo uleule, springi imechoka.

(b) Wakandamize kona ya gari na kuiachia. Ikicheza zaidi ya mara mbili, shokapu imekufa. Baada ya safari ya njia mbaya wasogeze mkono kwa uangalifu: shokapu nzima huwa na joto, iliyokufa huwa baridi.

(c) Wapime upepo wa tairi asubuhi, wakilinganisha na kibati cha gari kwa mzigo kamili.

(d) Watazame nyufa na boliti zilizolegea mahali nyumba iliposhikana na bodi.

(e) Waandike ndani ya nyumba, kwa rangi, idadi ya watu inayoruhusiwa kwa hesabu ya kilo.

Daftari hilo ndilo silaha yetu mezani. Sudan Kusini iliingia Shirika la Kazi Duniani mwaka 2012, na ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapasa kuziheshimu. Ukienda kwa mwajiri na malalamiko atasema watu hawaridhiki. Ukienda na vipimo vya wiki nne, itambidi ajibu vipimo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Gari lenu lina kikomo cha kilo ngapi, na nyumba yake ina uzito gani? Imewahi kupimwa?
2. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 3 kwa gari lenu. Ni watu wangapi wanaozidi?
3. Kati ya safari mbili, fremu nyepesi na gari kubwa zaidi, tudai lipi kwanza, na kwa nini?

Majibu yaletwe na mwakilishi wa tawi katika kikao kijacho, pamoja na daftari.