Jumanne: Upya wa Uzima

Soma Warumi 6:1–4 na 7:6. Ni upya gani anaoupata mtu aliyebatizwa?

Paulo aliwaandikia Warumi kwa Kigiriki. Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ilipotafsiri “upya” katika mafungu haya ilitumia neno novitas. Neno hilo lilikuwa na maana kadhaa: upya, ugeni wa jambo lisilozoeleka, na pia hali ya mtu ambaye katika ukoo wake hakuna aliyewahi kushika cheo kikubwa. Cicero, aliyekuwa konsuli wa Roma mwaka 63 K.K., alikuwa mtu wa namna hiyo, na wapo wakuu waliomdharau kwa sababu hiyo.

Hivyo, neno lililokuwa aibu mbele ya wakuu wa Roma likaja kutaja heshima ya mwamini. Aliyezikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo hahitaji ukoo wa kujivunia. Wala aliyezaliwa kanisani hawezi kuurithi upya huo kwa wazazi wake. Naye hana budi kuupokea kwa Kristo.

Je, darasa lenu humpokeaje aliyebatizwa juzi, asiye na mzazi wala babu kanisani? Na wewe uliyelelewa kanisani, ni nini kilicho kipya katika maisha yako leo?