Jua Haki Zako: Nyumba Kongwe na Bustani Yake Kandoni mwa Ziwa Mweru

Mwenye kuitazama nyumba kongwe inayouzwa katika ufuo wa Nchelenge, nchini Zambia, yenye kuta za matofali ya kuchoma, baraza pana, na bustani ya miembe inayoteremka hadi mahali wavuvi wanapoanika samaki wadogo waitwao chisense, huvutwa na uzuri ule hata akatoa arubuni kabla ya kuuliza ni kitu gani hasa anachouziwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995, ardhi yote ya Zambia imewekwa amana kwa Rais, na mushtari hanunui udongo wa daima bali haki ya kuutumia kwa muda maalumu. Na hata zile milki za daima za enzi ya Waingereza ziligeuzwa, tangu tarehe 1 Julai 1975, kuwa za miaka 100. Uliza, basi, imebaki mingapi.

Lakini hatari kubwa, aghalabu, imo bustanini. Nyumba yaweza kuwa na hati iliyosajiliwa Lusaka, na bustani, iliyopanuliwa kidogo kidogo kwa ruhusa ya mdomo, ikawa bado ni ardhi ya mila chini ya chifu, ambayo haigeuzwi kuwa ya hati ila kwa ridhaa yake na ya halmashauri ya wilaya, na baada ya kushauriana na kila mtu ambaye maslahi yake yataguswa, akiwamo bibi anayelima mihogo nyuma ya ua. Kwa hiyo shika ramani ya mpima ardhi, mchukue mzee wa kijiji pamoja na majirani, mkatembee kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe. Kinachobaki nje ya mawe hayo, muuzaji hana mamlaka ya kukuuzia kwa hati ile.

Ikiwa mwenye nyumba alifariki bila wasia, Sheria ya Mirathi ya mwaka 1989 humpa mjane na watoto haki katika nyumba ile, wala shemeji hawezi kuiuza peke yake kwa sababu tu ameshika funguo.

Ndugu zetu wa Pweto, upande wa Kongo, na wa Tanzania wajue ya kwamba mgeni hapati ardhi bila sharti, kama vile ukaazi wa kudumu, cheti cha mwekezaji, au idhini ya Rais kwa maandishi.

Mauzo yenyewe nayo yahitaji idhini ya serikali, ambayo isipotolewa katika siku 45 tangu ombi kuwasilishwa huhesabiwa kuwa imetolewa. Kisha hati isajiliwe. Nakusihi, ndugu msomaji, usimalize kulipa kabla ya kuipata idhini hiyo.