Vidonda vya Tumbo: Maelezo ya Mgonjwa ni Sehemu ya Tiba

Wakazi wengi wanapohisi tumbo likiwaka hukimbilia duka la dawa, hununua vidonge vya kupunguza asidi na kuendelea na shughuli zao. Nafuu huja kwa siku chache, kisha maumivu hurudi kwa sababu chanzo chake hakijatafutwa.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Mnamo 1982, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitambua bakteria aina ya Helikobakta pilori tumboni mwa wagonjwa. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo inajulikana kuwa visababishi vikuu ni bakteria hao pamoja na dawa za maumivu kama vile ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Pilipili na mawazo huweza kuzidisha maumivu, lakini kwa kawaida si chanzo cha kidonda.

Kwa kuwa kila chanzo kina tiba yake, mhudumu wa afya anahitaji kumsikiliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Mgonjwa naye anashauriwa kueleza:

• Maumivu yalianza lini, na huja kabla au baada ya kula.
• Dawa zote anazotumia, zikiwemo za mgongo, za viungo na za mitishamba.
• Ikiwa amemeza antibiotiki au dawa ya asidi majuma ya karibuni, kwani zinaweza kuficha bakteria wakati wa kupimwa choo.
• Ikiwa ni mjamzito, au kuna dawa inayomdhuru.

Bakteria wakipatikana, mgonjwa hupewa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Vidonge ni vingi, na vingine huleta kichefuchefu au ladha mbaya mdomoni. Anayeshindwa kuvimeza arudi aeleze badala ya kuacha kimyakimya, kwa sababu dozi isiyokamilika huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Aidha, anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kuuliza maswali si utovu wa adabu. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Asiyefahamu aombe kuelezwa tena, au aende na jamaa atakayemsaidia kukumbuka.

Zipo dalili zisizofaa kusubiri. Anayetapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyeshikwa na maumivu makali ya ghafla apelekwe hospitalini mara moja. Anayepata shida kumeza chakula au anayekonda bila sababu achunguzwe mapema, kwani saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi.

Kwa maumivu ya tumbo yanayojirudia, wakazi wanahimizwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa wamebeba dawa zote wanazotumia.