Keria ya baiskeli kwa safari ya Kilwa

Kilwa Kisiwani huendi na gari. Msafiri anayetoka Dar es Salaam na gari lake la kulala ndani, tuseme Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, analiacha Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua. Ng'ambo, kutoka Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa kuna mwendo, na jua la huko halina huruma. Baiskeli hupakiwa kwenye mashua bila maneno mengi. Kazi ni kuifikisha Masoko ikiwa nzima, baada ya kilomita zipatazo 300.

Wengi hukimbilia keria ya juu, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kwenye daladala na mabasi. Haizibi taa wala namba za gari, na fundi yeyote wa kuchomelea anaitengeneza. Lakini Hiace yenye paa refu tayari inapita mita mbili. Simamisha baiskeli juu yake, umeongeza mita nzima. Kwenye vichochoro vya Kilwa Kivinje, chini ya miembe na waya za umeme, dereva anasahau kilichoko juu mpaka akisikie. Kuna pia suala la mgongo: baiskeli ya Phoenix ya chuma ina uzito wa kilo kama 20, na kuinyanyua hadi paani jioni, baada ya kutwa nzima barabarani, si mchezo. Ukiamua kuipandisha, ilaze.

Keria ya kuning'iniza kwenye mlango wa nyuma ni nyepesi na rahisi kufunga. Siipendi kwa Hiace. Mlango wake hufunguka kwenda juu, kwa hiyo baiskeli mbili zinaulemea, na anayelala ndani anajikuta kila asubuhi anafungua mikanda ili atoe jiko la chai. Kwa magari yenye mlango wa kufungukia pembeni, yenye tairi la spea mgongoni, hapo nakubali.

Inayobaki ni keria inayokaa kwenye chuma cha kuvutia tela. Baiskeli zinakaa chini, upepo hauzipigi sana, na keria nyingi za aina hii huinama ili mlango ufunguke. Kasoro yake inaonekana kwenye michepuko. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua yake, barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa. Kwenye mchepuko wa namna hiyo, gari linaloshuka kwenye shimo na kupanda tena huburuza kilichoning'inia nyuma. Pima urefu kutoka ardhini hadi chuma cha chini kabisa, baiskeli na mizigo yote ikiwa imeshapakiwa. Angalia pia namba na taa za nyuma: zikizibwa, trafiki atakusimamisha, na atakuwa na haki.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: chumvi. Kuanzia Somanga kushuka Mchinga hadi Lindi, upepo wa bahari hula chuma usiku na mchana. Keria ya alumini haishikwi na kutu, ila ikipasuka, fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea hataweza kuiunga. Ya chuma ataiunga. Ndiyo maana mimi nachagua chuma kilichopakwa zinki, chenye nati za kawaida zinazofunguka kwa spana ya gereji yoyote, kisha napaka grisi kwenye nyuzi za nati. Mikanda ya kukazia iwepo, lakini beba pia mipira ya tyubu, ile wanayofungia mizigo waendesha bodaboda. Inavutika, haikwaruzi rangi, na inapatikana kila kijiji.

Matuta ya vijijini ndiyo yanayolegeza kila kitu, hata kwa dereva anayeheshimu kibao cha 50. Ukifika Nangurukuru, kabla ya kukata kushoto kwenda Masoko, simama, tikisa kila baiskeli kwa mkono, kaza nati zote upya.