SOMO: MABUYE YA ZAMANI, TAA YA USIKU

Nyumba nyingi zetu hazina umeme, na koroboi inatoa moshi na kuchoma watoto. Lakini gari la plastiki la mtoto likinyamaza, mabuye yake (betri) hayajafa yote. Hayana tena nguvu ya kuzungusha magurudumu, lakini yanaweza kuwasha taa ndogo ya toroshi za siku hizi.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua mabuye 3 ya aina moja, yaliyochoka sawasawa. Jiwe jipya lina volti 1.5, lililochoka linabaki karibu na volti 1. Usitie mapya matatu: yataunguza taa.
2. Pasua mwanzi, uyapange ndani, kichwa cha moja kiguse tako la lingine. Yafunge na mpira.
3. Unganisha taa na nyaya mbili, moja kila upande. Isipowaka, geuza nyaya.

Taa hii ni ya kuangalia mtoto mgonjwa au kwenda choo usiku. Hapana kujazia simu: simu inataka volti 5.

Mambo ya kukataza

Hapana kutia mabuye motoni: yanapasuka. Hapana kuyapasua kwa kutafuta unga mweusi. Jiwe lililovimba au kutoa maji, liache. Maji yake yakiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20, halafu nenda kwa munganga. Betri bapa za simu usizitoboe, zinawaka moto.

Hatari kubwa: betri ya kifungo

Michezo inayoimba ina betri ndogo ya mviringo, inayong'aa kama kifungo cha shati. Mtoto anaimeza bila mtu kuona. Ikikwama kooni, inaunguza nyama ya ndani, na kwa saa 2 tu inaweza kutoboa. Hata betri iliyochoka inaunguza.

Dalili: mate yanatoka sana, anakataa chakula, anakohoa, kifua kinamuuma, anatapika damu. Wengine hawaonyeshi kitu.

Ukifikiri tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali pale pale, hata usiku, hata ukiwa Alunguli ng'ambo ya mto. Usimtapishe. Usimpe chakula. Kama amepita mwaka 1 na anameza vizuri, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 njiani, si zaidi ya mara 6. Asali haiponyi, na usichelewe kwa kuitafuta. Mwambie munganga: "Amemeza betri," apigwe picha upesi.

Mabuye yaliyokwisha kabisa yatie katika kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto na kisima.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mabuye yenu ya zamani yako wapi sasa?
2. Ni mchezo gani wa mtoto wenu una betri ya kifungo? Kifuniko chake kinafungwa na skurubu?
3. Mtoto akimeza usiku huu, nani atampeleka, na kwa njia gani?